Nguvu ya Injini kwa Watu wa Uluguru

Kila mwaka, masika yanapokwisha na njia za milimani kuanza kukauka, huingia katika maduka ya pikipiki ya mjini Morogoro barobaro aliyeshuka kutoka Kinole, au Tawa, au Nyandira, mkononi ana fedha alizozichuma kwa ndizi, tangawizi, kabeji ama viazi mviringo, na nyuma yake yuko mjomba wake, kama ilivyo ada ya Waluguru, aliyekuja kuwa shahidi wa jambo kubwa katika ukoo. Naye kijana huyo husimama mbele ya vyombo vitatu vilivyopangwa safu moja, vinavyolingana kwa umbo na kukaribiana kwa rangi, ambavyo tofauti yake iliyo dhahiri machoni ni tarakimu tu iliyobandikwa ubavuni: 100, 125, 150. Muuzaji atamtajia bei ya kila kimoja, atamsifia taa na kiti, atamwambia kipi kinatoka sana mwezi huu; lakini swali la chombo kinakwenda kufanya kazi wapi, katika njia ya namna gani, kikibeba nini, aghalabu halitoki katika kinywa cha muuzaji wala cha mnunuzi. Fedha huhesabiwa, risiti huandikwa, na jambo litakaloamua riziki ya nyumba nzima kwa miaka kadhaa huwa limekwisha katika muda mfupi kuliko wa kuchagua kanzu ya sikukuu.

Mimi naona kwamba swali hilo ndilo la kwanza, na kwamba jibu lake kwa watu wa Uluguru haliwezi kuwa jibu la watu wa tambarare. Ushauri unaozagaa vijiweni una pande mbili: wapendao mbio husema chukua kubwa, kwa kuwa kubwa hukimbia, na wenye hadhari husema chukua ndogo, kwa kuwa ndogo hainywi mafuta wala haiui. Pande zote mbili zimekosea kwa sababu moja, nayo ni kuchukulia kwamba nguvu ya injini na mbio ni kitu kimoja. Mwenye kuishi mlimani anaihitaji injini kubwa, tena anaihitaji zaidi kuliko huyo mpenda mbio wa mjini. Lakini akishaipata yampasa aigeuze kwa makusudi, mbio azipunguze na mvuto auongeze, kazi ambayo fundi yeyote wa pikipiki aweza kuifanya kabla chai haijapoa.

Tarakimu zile za ubavuni ni kipimo cha ujazo wa silinda kwa sentimita za ujazo, yaani nafasi ambayo pistoni huipitia injini inapovuta hewa na petroli. Nacho hakisemwi kwa ukamilifu, kwani Boxer iitwayo 150, chombo kinachojulikana na kila mtu katika njia zetu, kwa hakika ina sentimita 144.8. Nguvu yenyewe hupimwa kwa nguvu farasi, kipimo alichokiweka James Watt wa Scotland katika karne ya 18 ili awafahamishe wenye migodi na viwanda kuwa mashine yake ya mvuke ingeshika mahali pa farasi wangapi. Na farasi mmoja wa hesabu, kama wanavyompima watu wa kilo na mita, ni yule awezaye kuinua kilo 75 kwa mita moja katika sekunde moja. Kwa kipimo hicho, pikipiki za kazi tuzionazo, zikiwa za Kihindi au za Kichina, hutoa takriban farasi 8 zikiwa za 100, farasi 10 zikiwa za 125, na farasi 12 zikiwa za 150. Basi atokaye katika ya kwanza akaenda katika ya tatu ameongeza nguvu kwa nusu, na kwa nusu hiyo amelipa laki kadhaa za ziada. Ni haki yake kujua amenunua nini.

Huko tambarare amenunua kidogo sana. Chombo kinapokwenda kasi katika barabara iliyonyooka, mathalani ile ya kutoka Msamvu kuelekea Dodoma, adui wake mkubwa ni upepo, na upepo una tabia ya ukaidi: mwendo ukiongezeka mara mbili, upinzani wake huongezeka mara nne, na nguvu inayotakiwa kuushinda huongezeka mara nane. Ukiipiga hesabu hiyo kinyume utaona kwamba nguvu iliyozidi kwa nusu huleta mwendo uliozidi kwa sehemu moja tu katika saba. Ikiwa pikipiki ndogo ilikuwa imefika mwisho wake penye kilomita 85 kwa saa, kubwa yenye umbo lile lile itafika 97 au karibu yake, mwendo ambao mbeba abiria mwenye akili timamu hana haja nao. Mlimani hesabu ni nyingine kabisa. Huko upepo si kitu, kwa sababu hakuna mwendo wa kuuamsha. Adui ni uzito, na uzito hupimwa kwa mizani iliyonyooka, isiyozidisha wala isiyopunguza. Nusu ya nguvu iliyoongezeka hukupa nusu ya mzigo zaidi kwa mwendo ule ule, ama kwa mzigo ule ule hukupandisha upesi zaidi kwa nusu. Fedha zile zile zilizonunua sehemu moja katika saba kule chini, huku juu zimenunua nusu nzima.

Swali hili la kuchagua nguvu ya injini halikuzaliwa Morogoro. Matajiri wa dunia nao hulikabili wanapochagua pikipiki za majini, zile zinazokodishwa kwa watalii katika fukwe za Unguja, ambazo watu wengi huziita kwa jina la Jet Ski walilolitoa Wajapani wa Kawasaki mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chombo kimoja kidogo cha namna hiyo, Sea-Doo Spark, cha kampuni ya Canada, kiliuzwa kwa nguvu mbili, farasi 60 na farasi 90, na injini yenyewe ilikuwa ile ile moja ya sentimita 900. Mnunuzi aliachiwa achague nusu ya ziada kama vile kijana wetu aachiwavyo. Na majini pia jibu la kweli hutegemea mzigo: mtu mmoja mwepesi juu ya maji matulivu hupata raha yake yote kwa 60, lakini wakipanda wawili, chombo kinapotakiwa kuinuka kutoka katika kulima maji kije kuteleza juu yake, ndipo upungufu huonekana. Sisi hatuna bahari. Tuna bwawa la Mindu, ambalo ni maji ya kunywa ya mji, na tuna milima. Tofauti kubwa ni kwamba huko kwenye fukwe aliyekosea kuchagua amepoteza furaha ya alasiri moja, ilhali aliyekosea hapa kwetu atasimama katikati ya mteremko wa Kibogwa na mgonjwa nyuma yake.

Asiyeijua milima hii afahamishwe kidogo. Mji wa Morogoro umekaa penye kimo cha mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na mlima wa Lupanga unasimama juu yake ukipita mita 2,100, kiasi kwamba mtu aliye sokoni huuinulia kichwa; na kusini zaidi kilele cha Kimhandu chapita mita 2,600. Upande wa mashariki unatazama Bahari ya Hindi na kuipokea mvua yake yote, ndiyo sababu mito inayoufanya mto Ruvu, unaonywewa na jiji la Dar es Salaam, hutoka huko. Na ndiyo sababu udongo wa njia za Kinole, Tegetero na Kolero huwa laini kwa miezi mingi, mwekundu, wenye utelezi unaomwangusha hata mwenda kwa miguu aliyezaliwa papo hapo. Upande wa magharibi, wa Mgeta, una mvua chache zaidi lakini una mwinuko mkali zaidi: njia huacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, ikapita Mzumbe na Mlali katika nchi iliyo karibu na tambarare, kisha ghafula ikaanza kujipinda na kupanda, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili hewa tupu, mpaka Langali, na Nyandira, na Tchenzema, mahali ambapo watu hulima karoti, njegere na matunda ya nchi za baridi, na ambapo mbuzi wa maziwa wa Kinorwe waliletwa katika miaka ya 1980 wakastawi kama kwao.

Mazao hayo yote, kabla ya zama hizi, yalishuka juu ya vichwa vya watu, na zaidi juu ya vichwa vya wanawake. Mama alitoka nyumbani usiku wa manane na tenga la kabeji, akashuka kwa saa nyingi katika vijia ambavyo hata mbuzi hupita kwa kufikiri, akauza kwa bei aliyopewa kwa kuwa hakuweza kuurudisha mzigo alikoutoa, kisha akapanda tena na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Pikipiki imeiondoa adha hiyo kwa kiasi ambacho hakuna mradi wowote uliowahi kuiondoa, nami sioni haya kusema kwamba katika vijiji vya Uluguru chombo hiki kimewatumikia wanyonge kuliko gari. Maana gari linangoja barabara, na pikipiki haingoji. Kwa hiyo ninapoandika juu ya sentimita na farasi, naandika juu ya shingo za mama zetu, na juu ya mjamzito ambaye zahanati yake iko ng'ambo ya bonde.

Tuutazame basi mzigo wenyewe. Chombo kina kilo 110 au 120, dereva ana 65, na gunia la viazi, likiwa limejazwa kwa uaminifu, lina kilo 100. Jumla inakaribia 300. Katika mwinuko wa njia ambayo kila mita tano za kwenda mbele ni mita moja ya kwenda juu, na mahali pengi pa Mgeta pamezidi hapo, farasi 8 kwa karatasi wanaweza kuupandisha mzigo huo bila taabu. Lakini karatasi haina matope, wala haisemi kwamba sehemu ya farasi hao huliwa na cheni, gia na tairi kabla ya kufika ardhini, wala haisemi jambo lililo kubwa kuliko yote hayo: kwamba farasi wote 8 hupatikana tu pale injini inapozunguka mara 7,000 na ushei kwa dakika, mlio ambao hakuna dereva awezaye kuingia nao katika kona ya utelezi na gunia mgongoni. Mlimani injini hufanya kazi penye mizunguko 3,000, wakati mwingine pungufu, na penye mizunguko hiyo injini ndogo inatoa chini ya nusu ya ahadi yake. Hapo ndipo ujazo wa silinda unapokuwa na maana, kwa sababu pistoni iliyo pana husukumwa kwa nguvu zaidi katika kila mpigo, hata injini ikizunguka polepole. Na msukumo huo wa chini, ambao madereva wetu huuita mvuto, ndio unaopanda mlima. Karatasi za kiwanda huuandika. Sijaona duka linalomsomea mnunuzi.

Kisha iko hewa. Injini za namna hii huvuta hewa kama ilivyo, bila msaada, na hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda; mafundi hukadiria kwamba kwa kila mita 100 za kwenda juu injini hupoteza sehemu moja katika mia ya nguvu yake. Penye mita 1,500, kimo ambacho vijiji vya juu vya Mgeta vimekwisha kukipita, farasi 12 waliopimwa usawa wa bahari wamebaki 10, na wale 8 wamekuwa chini ya 7. Tena kabureta iliyorekebishwa mjini humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi ikawa nyeusi, na chombo kikaanza kukohoa. Na liko joto. Injini hizi hupozwa na upepo wa mwendo wake mwenyewe, basi ikiwa inapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, huku akseleta imefunguliwa hadi mwisho, hakuna upepo wa kuipoza wakati ule hasa inapochemka kupita kiasi. Oili huwa nyepesi kama maji, ringi za pistoni huliwa, na moshi wa samawati huanza kutoka katika eksozi kabla mkataba haujakwisha kulipwa. Injini ndogo inayofanya kazi ya kubwa haiweki akiba ya mafuta. Inayala mafuta, kisha inajila yenyewe.

Nimesema mkataba, na hapo nitarudi. Lakini ni insafu kwanza kuwapa wenye hadhari haki yao, maana ushauri wa injini ndogo una mahali pake, na mahali penyewe ni mjini. Kijana anayekaa kijiwe cha Msamvu akapeleka abiria mmoja mmoja Kihonda, Mafiga, Mji Mpya au Chamwino, katika njia za lami au za changarawe zisizo na mwinuko wa kutajwa, hana sababu hata moja ya kununua 150; 100 itamtosha, na 125 itamzidia. Kwake yeye petroli ndiyo mshahara wenyewe. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo, na tangazo hilo husomwa vijiweni kwa makini kuliko habari nyingine yoyote ya serikali, kwa kuwa shilingi mia ya kila lita, ikipanda au ikishuka, huonekana jioni katika sufuria. Wala hatuwezi kuzungumza juu ya petroli na vijana wa pikipiki hapa Morogoro bila ya kukumbuka tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka karibu na Msamvu, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki dunia, wengi miongoni mwao wakiwa ni vijana hao hao. Walisemwa vibaya na watu waliokuwa mbali. Mimi nauona ule umati kama kipimo cha thamani ya lita moja kwa mtu anayeishi kwa lita moja, na kwa ajili hiyo sitamshauri hata siku moja kijana wa mjini alishe farasi ambao hana kazi ya kuwapa.

Narudi mlimani, penye kazi. Mtu akishachukua 150 kwa ajili ya njia za Uluguru, amenunua chombo kilichopangiliwa gia zake kwa kumridhisha kila mtu, yaani kipande mlima kwa kiasi na kikimbie kwa kiasi. Mpangilio huo hubadilishwa kwa sproketi, yale magurudumu mawili ya meno yanayoshikwa na cheni, dogo likiwa mbele kwenye injini na kubwa likiwa nyuma kwenye tairi. Tuseme ya mbele ina meno 14 na ya nyuma ina meno 42. Maana yake injini huzungusha sproketi ya mbele mara tatu ili tairi izunguke mara moja. Ukitoa ya mbele ukaweka yenye meno 13, ama ukaiongeza ya nyuma kwa meno matatu, tairi imepata msukumo uliozidi kwa sehemu saba hadi nane katika mia katika kila gia, na chombo kimepoteza mbio kwa kiasi hicho hicho. Ukifanya yote mawili, kilichopatikana kinakaribia sehemu 15 katika mia. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya chombo, wala injini haiguswi. Madereva wa miaka mingi wa njia ya Mgeta wanalijua jambo hili, nao hulifanya kimya kimya kwa kuambizana. Anayebaki gizani ni mgeni wa kazi, yule wa kununua kwa mara ya kwanza, ambaye ndiye mwenye haja nalo kuliko wote.

Na humo ndimo lilimo jibu kwa wale wasemao kwamba injini kubwa huua. Najua wanazungumza wakiwa wamezika, sidharau machozi yao. Kijana akipewa nguvu asizozihitaji katika barabara ya lami, zitatafuta pa kwenda, na zitakwenda katika mbio; hilo nimelikubali hapo juu kwa kumnyima 150 kijana wa mjini. Lakini chombo cha mlimani kilichobadilishwa sproketi kimetoa mbio zake sadaka kwa mvuto, na hata kikiteremka siku moja mpaka barabara ya Dar es Salaam hakitaweza kushindana na mtu. Kinyume chake, injini ndogo milimani huzaa hatari zake zenyewe ambazo hazihesabiwi: dereva anayejua kwamba akisimama hataweza kuondoka tena huingia konani bila kupunguza, asipoteze kasi, hatoi nafasi kwa mama mwenye tenga, na injini ikizima katikati ya mwinuko, mzigo humvuta nyuma, upande ule wa hewa tupu.

Kushuka kuna hatari kubwa kuliko kupanda, na ukubwa wa injini unahusika hapo pia, ingawa wachache hulifikiri. Chombo na dereva na abiria mmoja, jumla kilo 250, vikishuka mita 1,000 kutoka Mgeta hadi tambarare ya Mlali, nguvu yote iliyotumika kuvipandisha yapasa itoke tena, nayo ikitoka kwa breki peke yake hugeuka joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 7 za maji. Joto hilo lote huingia katika breki mbili ndogo zilizofichwa ndani ya kitovu cha kila gurudumu, mahali pasipofikiwa na upepo, na breki iliyopata moto kiasi hicho huacha kushika pole pole, bila ya kutoa onyo. Dawa yake ni kushuka katika gia ya pili au ya kwanza, akseleta imefungwa, ili injini yenyewe ikizuie chombo. Na injini yenye silinda kubwa, kwa sababu huvuta na kubana hewa nyingi zaidi katika kila mzunguko, huzuia kwa nguvu zaidi, na sproketi ile iliyobadilishwa huizidishia. Badala ya hivyo tunawaona vijana wakishuka wameweka nyutro, injini imezimwa kabisa ili kuokoa petroli ya thamani ya shilingi mia chache, wakizitegemea breki tu na rehema za Mola. Jambo hili likomeshwe kwa mafundisho, wala si kwa faini. Hapa mjini pana chuo cha ufundi stadi cha VETA Kihonda, na somo la kushuka mlima na abiria, likifundishwa katika mlima wa kweli, lingepaswa kuwa la lazima kwa kila mwenye kuomba leseni ya kubeba watu katika milima hii.

Sasa mkataba. Vijana wengi hawanunui kwa fedha taslimu kama yule wa Kinole niliyeanza naye. Huchukua chombo kwa tajiri aliyeko mjini, wakampelekea hesabu ya kila siku au ya kila juma kwa mwaka mmoja na zaidi, hata deni likiisha chombo kiwe chao. Katika mpango huo achaguaye nguvu ya injini ni tajiri, na tajiri hulichagua jambo hilo kwa macho ya tambarare anakoishi: hutazama bei ya kununulia, akaona 100 inarudisha fedha yake mapema, akampa mtu wa kwenda nayo Bunduki, kule mlimani. Miezi minane baadaye injini inatoa moshi, kijana anakopa ili kufungua silinda, hesabu inachelewa, chombo kinanyang'anywa, na pande zote mbili zinaitana waongo, ilhali aliyesema uongo ni ile tarakimu ya ubavuni. Milima hii imewahi kuletewa mashauri ya tambarare kabla ya leo. Mwaka 1955, huko Matombo, watu waliinuka kuikataa amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi, na damu ikamwagika. Amri yenyewe ilikuwa na nia ya kuuhifadhi udongo, lakini iliamuliwa na watu ambao hawakukaa na jembe katika mteremko ule wakaona udongo wa juu ulivyo mwembamba na kazi ilivyo nzito kuliko faida yake. Silinganishi ukubwa wa mambo hayo mawili, ila nasema kosa ni la ukoo mmoja.

Ombi langu kwa wenye kukopesha, ikiwa ni tajiri mmoja mwenye pikipiki tatu au chama cha akiba na mikopo chenye wanachama mamia, ni kwamba fomu ya mkopo iwe na mstari wa kuuliza chombo kitalala kijiji gani na kitabeba nini, na jibu likiwa ni kijiji cha mlimani, mkopo uwe wa 150, na marejesho yarefushwe kwa miezi miwili au mitatu kufidia tofauti ya bei, na sproketi za mlimani pamoja na breki mpya za akiba ziingizwe katika bei ya kwanza badala ya kuachwa kuwa mzigo wa kijana baadaye. Na kwa wenye maduka ya mjini, ambao wanawajua wateja wao kwa lafudhi kabla hawajataja watokako, si kazi kubwa kuweka sproketi hizo rafuni penye kuonekana, kuandika mvuto wa kila injini ubavuni pa bei yake, na kumtaka fundi wa duka azifunge bure chombo kinapotoka. Duka la kwanza litakalofanya hivyo, naamini, litapata wateja wa Mgeta na wa Matombo wote, kwa kuwa habari katika milima hii hupanda haraka kuliko pikipiki yoyote.